Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuondoa Tanuru la Gesi na Kuweka Pampu ya Joto ya Umeme

Maswali haya yamekusanywa kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili na kumiliki nyumba katika majimbo ya baridi ya Marekani, kuanzia Minneapolis na Columbus hadi Portland ya jimbo la Maine. Wengi huanza kuuliza siku tanuru linapozimika katikati ya Januari, watoto wakiwa wamevaa makoti sebuleni, na siku hiyo mtu hukubali mashine yoyote ambayo mkandarasi anayo ghalani. Tunakusihi uyasome mapema, tanuru likiwa bado linawaka, kwa sababu makosa mengi tutakayoyaeleza huzaliwa na haraka.

Je, pampu ya joto ni nini, na inatofautianaje na tanuru la gesi?

Tanuru huunguza gesi ya bomba ndani ya vyumba vya chuma, feni ikapitisha hewa ya nyumba juu ya chuma hicho cha moto, na moshi ukatolewa nje kwa dohani au kwa bomba la plastiki. Pampu ya joto haiunguzi kitu chochote. Kazi yake ni kuchukua joto lililomo katika hewa ya nje na kuliingiza ndani kwa msaada wa kompresa, koili mbili na gesi ya kupoozea inayozunguka kati ya koili hizo. Aliyewahi kuishi Dar es Salaam au Mombasa anaifahamu tayari, kwa kuwa kiyoyozi cha ukutani hufanya kazi hiyo kwa upande mmoja: huchota joto chumbani na kulitupa nje. Pampu ya joto ni mashine ya aina hiyo hiyo iliyowekewa vali ya kugeuza mkondo wa gesi, ili wakati wa baridi joto liingie na wakati wa kiangazi litoke. Kwa hiyo mashine moja huchukua nafasi ya tanuru na ya kiyoyozi pia, jambo ambalo halina budi kuingia katika hesabu unapolinganisha bei.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba hewa iliyo nyuzi 15 za Selsiasi chini ya sifuri bado ina joto la kuchotwa. Gesi za kupoozea zinazotumika leo huchemka zikiwa karibu nyuzi 50 chini ya sifuri katika mgandamizo wa kawaida wa hewa, hivyo koili ya nje inaweza kufanywa baridi kuliko usiku wenyewe, na joto huelekea penye baridi zaidi. Kwa kuwa mashine husafirisha joto badala ya kulizalisha, uniti moja ya umeme huleta ndani uniti mbili hadi nne za joto, kutegemea ukali wa baridi ya siku hiyo. Tanuru bora kabisa la gesi halifikii hata uniti moja ya joto kwa kila uniti ya gesi.

Je, inafanya kazi kweli katika baridi kali ya kaskazini?

Ndiyo, mradi mashine iwe ya aina iliyotengenezwa kwa ajili ya baridi kali na ipimwe vizuri. Sifa mbaya ya pampu za joto ina asili yake: zile za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa na kompresa za kasi moja, na nguvu zake zilidhoofika sana halijoto ilipokaribia kiwango cha kuganda. Kompresa za leo zenye inveta hubadili kasi yake kulingana na mahitaji, na hilo limebadilisha mambo kabisa. Norway, Uswidi na Finland, nchi ambazo baridi yake hakuna anayeitilia shaka, ni miongoni mwa nchi zenye pampu nyingi za joto kwa idadi ya watu. Hapa Marekani, jimbo la Maine lilijiwekea lengo la kufunga pampu 100,000 kufikia mwaka 2025, likalitimiza mwaka 2023.

Unapoletewa karatasi ya bei, tafuta mambo mawili. Kwanza, mashine iwe na alama ya ENERGY STAR (alama ya vifaa visivyopoteza nishati) ya maeneo ya baridi, ambayo hudai kwamba ikiwa nje ni nyuzi 5 za Farenhaiti, yaani nyuzi 15 za Selsiasi chini ya sifuri, mashine itoe angalau asilimia 70 ya nguvu inayotoa katika nyuzi 47 za Farenhaiti, na ilete angalau uniti 1.75 za joto kwa kila uniti ya umeme. Pili, omba jedwali la mtengenezaji linaloonyesha nguvu ya mashine katika kila kiwango cha baridi. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye matangazo huwa imepimwa katika nyuzi 47, na nyuzi 47 huko Minneapolis ni siku nzuri ya kutembea bila kofia.

Je, niliondoe tanuru kabisa au nilibakize kama akiba?

Hapa jibu hubadilika kwa mji na kwa umri wa tanuru. Kadiri baridi inavyozidi, nyumba huhitaji joto zaidi wakati mashine inapungua nguvu, na kuna kiwango ambacho mistari hiyo miwili hukutana. Chini ya kiwango hicho lazima kuwe na msaada. Msaada huo unaweza kuwa hita za umeme zinazofungwa ndani ya mashine ya ndani, au tanuru lako lenyewe, ambapo themostati huzima pampu na kuwasha gesi halijoto inaposhuka chini ya kiwango ulichokiweka.

Maoni yetu ni haya. Ikiwa uko Columbus au kusini yake, na tanuru lina miaka 15 au zaidi, liondoe, kwa sababu hita za umeme zitawaka kwa saa chache tu katika mwaka. Ikiwa uko Minneapolis, ambako usiku wa nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri hutokea, na tanuru lako lina miaka mitano tu, libakize lifanye kazi siku zile mbaya na uiache pampu ibebe sehemu kubwa ya msimu. Hakuna aibu katika mpango huo. Lakini usikubali kiwango cha kubadilishana kiwekwe kwenye nyuzi 40 za Farenhaiti, kama baadhi ya mafundi wafanyavyo ili wasipigiwe simu za malalamiko. Ukifanya hivyo utakuwa umelipia mashine ambayo haifanyi kazi wakati wa baridi.

Je, gharama zangu za kila mwezi zitapungua?

Swali hili ndilo linalojibiwa kwa uongo mara nyingi zaidi, na mtu yeyote anayekuahidi akiba bila kuona bili zako hastahili kuaminiwa. Hesabu yenyewe si ngumu. Gesi huuzwa kwa themu, na themu moja ina nishati sawa na uniti 29.3 za umeme. Tanuru la zamani lenye ufanisi wa asilimia 80 hukupa uniti 23.4 za joto kutoka themu moja. Tanuru jipya la asilimia 95 hukupa 27.8. Pampu inayoleta uniti tatu za joto kwa kila uniti ya umeme itahitaji uniti 7.8 za umeme kufikia joto la tanuru la zamani, na 9.3 kufikia la tanuru jipya.

Chukua mfano wa umeme wa senti 15 kwa uniti na gesi ya dola 1.30 kwa themu. Dhidi ya tanuru la zamani, pampu itatumia dola 1.17 kuleta joto lile lile ambalo gesi huleta kwa dola 1.30, na hapo umeokoa kidogo. Dhidi ya tanuru jipya itatumia dola 1.39, na hapo umepoteza kidogo. Ikiwa wastani wa msimu ni uniti mbili na nusu badala ya tatu, gesi itakuwa nafuu katika hali zote mbili. Weka bei zako mwenyewe kutoka kwenye bili, ukijumuisha ada za usafirishaji ambazo hupanda na kushuka pamoja na matumizi. Kisha zingatia ada ya kudumu ya kila mwezi ya kampuni ya gesi, ambayo hulipwa hata usipotumia gesi yoyote, na ambayo hutoweka siku mita inapoondolewa.

Kwa wale wanaopasha nyumba kwa mafuta, kwa propani ya tangi au kwa hita za kawaida za umeme, hesabu huwa upande wa pampu kwa tofauti kubwa, na ndiyo sababu Maine, jimbo la mafuta, lilitangulia.

Nitajuaje ukubwa unaonifaa?

Ukubwa hupimwa kwa tani, na tani hapa si uzito: tani moja ni BTU 12,000 kwa saa, BTU ikiwa ni kipimo cha joto. Mkandarasi mwaminifu hufanya hesabu inayoitwa Manual J, ambayo huangalia ukubwa wa kila chumba, madirisha na upande yanakotazama, unene wa vihami (insulation) vilivyomo ukutani na darini, na kiasi cha hewa kinachovuja. Asiyeifanya husoma kibandiko cha tanuru la zamani na kuweka kitu kinacholingana, au huzidisha eneo la nyumba kwa namba aliyoirithi kwa bosi wake. Njia hizo mbili huzaa mashine kubwa kupita kiasi, kwa kuwa matanuru mengi yalifungwa yakiwa makubwa mno tangu mwanzo. Tanuru kubwa hupoteza gesi kidogo na halilalamiki. Pampu kubwa huwaka na kuzima mara kwa mara, huchakaa mapema, na wakati wa kiangazi hupoza chumba kabla haijaondoa unyevu, ukabaki na nyumba baridi yenye ubichi.

Unaweza kujipima mwenyewe kabla fundi hajafika. Usiku ulio wa baridi kali kuliko yote katika mwaka, acha themostati bila kuigusa, kisha hesabu tanuru linawaka dakika ngapi katika saa moja. Tuseme ni tanuru la kasi moja la BTU 80,000 lenye ufanisi wa asilimia 80, yaani linatoa BTU 64,000, na liliwaka dakika 30. Nyumba yako inahitaji takriban BTU 32,000, ambazo hazifiki tani tatu. Fundi akikuletea mashine ya tani tano, muulize namba yake ameitoa wapi, na umwonyeshe yako.

Kabla ya kununua tani ya ziada, ziba matundu na uongeze vihami darini. Nyumba inayovuja hudai mashine kubwa, na mashine kubwa hudai fedha kila mwezi kwa miaka 15 ijayo, ilhali darini kazi hufanywa mara moja.

Je, mifereji ya hewa iliyopo itafaa?

Mara nyingi itafaa, lakini ikaguliwe. Tanuru hutoa hewa yenye joto la nyuzi 120 hadi 140 za Farenhaiti, ilhali pampu hutoa hewa ya nyuzi 90 hadi 105 hivi, kwa hiyo lazima isukume hewa nyingi zaidi ili ilete joto lile lile. Mifereji myembamba itapiga kelele na kuibana feni. ENERGY STAR hueleza kwamba katika nyumba ya kawaida asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita mifereji hupotea kwa matundu na viungo vilivyoachana. Nyumba isiyo na mifereji kabisa inaweza kuwekewa mashine za ukutani, moja au zaidi, zilizounganishwa na mashine moja ya nje.

Je, umeme wa nyumba yangu utatosha?

Pampu huhitaji mkondo wake wa volti 240 wenye breka yake. Hita za akiba ndizo huleta tatizo: za kilowati 10 pekee huvuta zaidi ya ampea 40. Nyumba yenye huduma ya ampea 200 kwa kawaida haina shida. Nyumba ya ampea 100 inaweza kutosha pia ikiwa pampu ni ndogo na hita ni za wastani, hivyo mtake fundi umeme afanye hesabu ya mzigo kabla ya kukubali kulipia sanduku jipya la breka.

Kwa nini hewa inayotoka si ya moto kama ya tanuru?

Kwa sababu haikusudiwi kuwa hivyo. Tanuru hufyatua hewa ya moto kwa dakika kumi kisha hunyamaza. Pampu nzuri hufanya kazi polepole karibu saa zote, na chumba hubaki na joto lisiloyumba. Wazee wetu waliozoea kusimama juu ya tundu la hewa asubuhi huiona tofauti hii mara moja, na ni vema waelezwe mapema ili wasidhani mashine imeharibika.

Kutokana na hilo, badilisha pia tabia yako na themostati. Kuishusha sana usiku na kuipandisha asubuhi kulisaidia na gesi, lakini kwa pampu kunaweza kuziamsha hita za akiba, ambazo hutumia uniti moja ya umeme kwa kila uniti ya joto. Chagua kiwango kimoja na ukiache. Na usibonyeze kitufe cha joto la dharura kwa sababu tu nje kuna baridi. Kitufe hicho huizima pampu na kukuachia hita peke yake, na watu wengi wameshtushwa na bili ya Februari kwa kosa hilo moja.

Mashine ya nje inatoa mvuke na kuota barafu. Je, ni hitilafu?

Tabaka jembamba la barafu ni jambo la kawaida. Mashine hujiyeyushia barafu hiyo kwa kugeuza mkondo kwa dakika chache, feni ya nje ikasimama na wingu la mvuke likapaa. Barafu nene inayofunika mashine nzima na isiyoyeyuka ndiyo dalili ya kumwita fundi. Mashine ifungwe juu ya miguu ya chuma iliyo juu kuliko kina cha theluji ya kwenu, mbali na ukingo wa paa unaodondosha maji, na baada ya kila dhoruba isafishwe pande zote.

Je, hita ya maji na jiko la gesi zitaathirika?

Tafadhali soma jibu hili hata kama utaruka mengine. Katika nyumba nyingi za zamani tanuru na hita ya maji hutoa moshi kwa dohani moja. Tanuru likiondolewa, hita ya maji hubaki peke yake katika dohani lililo pana mno kwake. Moshi wake hupoa kabla ya kupanda, na unaweza kurudi ndani ukiwa na kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kila mwaka zaidi ya watu 400 hufa Marekani kwa sumu hiyo bila kuhusisha majanga ya moto. Ni lazima dohani liwekewe bomba jembamba ndani yake, au hita ya maji ibadilishwe kuwa ya umeme wakati huo huo. Mkandarasi asiyeligusa suala hili kwa hiari yake amekuonyesha kiwango chake. Weka vitambuzi vya kaboni monoksidi karibu na vyumba vya kulala, siku hiyo hiyo.

Jiko la gesi halina uhusiano na pampu, ila ukilibakiza, ada ya kudumu ya gesi hubaki nalo. Majiko ya sumaku (induction) hupika pilau na chapati vizuri, mradi sufuria na kikaango viwe vya chuma kinachoshikwa na sumaku. Sufuria za alumini tulizozizoea hazitafanya kazi juu yake.

Umeme ukikatika nitafanyaje?

Tanuru la gesi nalo husimama, kwa kuwa feni yake na bodi yake huendeshwa kwa umeme. Wakazi wa Texas walilijua hilo kwa uchungu katika dhoruba ya Februari 2021, na wengine huko Houston walidhurika kwa kuwasha jenereta na magari ndani au karibu na nyumba ili wapate joto. Tofauti ni kwamba jenereta ndogo huweza kuendesha feni ya tanuru, ilhali pampu huhitaji jenereta kubwa au betri ya nyumba. Iwapo umeme hukatika mara kwa mara kwenu, hiyo ni sababu ya kweli ya kubakiza tanuru.

Je, kuna msaada wa fedha?

Punguzo la kodi la serikali kuu, lililofikia asilimia 30 ya gharama na kikomo cha dola 2,000, lilifutwa kwa sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025, na halihusu mashine zilizofungwa baada ya tarehe 31 Desemba 2025. Fundi anayeendelea kulitaja kwa kazi mpya anakudanganya au hafuatilii sheria. Sheria ya mwaka 2022 pia ilianzisha ruzuku inayotolewa kupitia majimbo, yenye kikomo cha dola 8,000 kwa pampu ya joto na kutegemea kipato cha familia. Iulize ofisi ya nishati ya jimbo lako kama inapokea maombi, na uombe idhini kabla ya kazi kuanza. Kampuni nyingi za umeme zina marejesho yake. Familia zenye kipato kidogo ziombe pia mpango wa Weatherization Assistance Program, uliopo tangu mwaka 1976, ambao hugharimia vihami na kuziba matundu.

Kwa wasomaji wanaoepuka riba, tahadhari na mikopo inayotangazwa kuwa ya asilimia sifuri. Mingine huhesabu riba ya nyuma yote usipomaliza kulipa kwa tarehe iliyowekwa, na mara nyingi ada ya mkopeshaji huwa imefichwa ndani ya bei ya mashine. Omba bei ya kulipa taslimu iandikwe kando, ulinganishe.

Nitamchaguaje mkandarasi?

Chukua bei tatu kwa maandishi, kila moja ikitaja namba ya modeli ya mashine ya ndani na ya nje, matokeo ya Manual J, kiwango cha kubadilishana na akiba, kazi ya dohani na kibali cha mji. Fundi anayegusa gesi ya kupoozea lazima awe na cheti cha kifungu cha 608 cha EPA, shirika la mazingira la serikali kuu, mwombe akuonyeshe. Kama Kiingereza cha mikataba kinakuwia kigumu, usimtumie mtoto wa shule kutafsiri dola 15,000, mtafute mtu mzima unayemwamini. Wauzaji wa mlango kwa mlango hupenda mitaa ya wageni, na hupenda saini ya usiku ule ule. Kanuni ya tume ya biashara ya serikali kuu, FTC, hukupa siku tatu za kazi kufuta mauzo mengi yaliyofanyika nyumbani kwako, isipokuwa katika dharura na hali nyingine chache.

Nimesikia gesi ya kupoozea imebadilika. Je, ni kweli?

Ni kweli. Tangu tarehe 1 Januari 2025 mashine mpya za nyumbani hazitengenezwi tena kwa gesi ya zamani, R-410A, na zilizopo sasa hutumia R-454B au R-32, ambazo zikivuja huchangia ongezeko la joto duniani kwa kiasi kidogo kuliko ile ya zamani. Zinaweza kushika moto, japo kwa shida, kwa hiyo ufungaji wake una kanuni mpya.

Kama umeme wenyewe huzalishwa kwa gesi, mazingira yananufaikaje?

Mtambo mzuri wa gesi hugeuza karibu nusu ya nishati ya gesi kuwa umeme. Nusu hiyo ikizidishwa mara tatu na pampu, nyumba hupata uniti moja na nusu ya joto, ilhali gesi hiyo ikichomwa katika tanuru lako isingefika hata moja. Na kila mtambo wa upepo au jua unaoongezwa kwenye gridi huisafisha mashine yako bila wewe kuigusa.

Matunzo yake ni yapi?

Badilisha au safisha chujio la hewa kila mwezi mmoja hadi mitatu, ondoa majani na theluji kwenye mashine ya nje, na umwite fundi mara moja kwa mwaka akague gesi, koili na bomba la maji. Sajili dhamana kwa mtengenezaji mara tu mashine inapofungwa, kwa sababu dhamana ya miaka 10 ya vipuri mara nyingi hupunguzwa ikiwa usajili haukufanyika ndani ya miezi miwili au mitatu ya mwanzo, na mkandarasi anayesema atakusajilia akupe nakala ya uthibitisho kabla hujamlipa sehemu ya mwisho ya fedha zake.